Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Nilijifunza kushona misheni, kule Matombo, milimani Uluguru, baada ya kumaliza darasa la saba na kutochaguliwa kuendelea. Masista walikuwa na chumba chenye cherehani za miguu, na dirisha lake lilitazama migomba. Sikuwa msemaji. Wenzangu walipopiga soga mimi nilishona, kwa hiyo nilimaliza mapema, na kwa kuwa nilimaliza mapema nilipewa nguo ngumu zaidi. Gauni la kwanza nililoshona peke yangu, tangu kukata mpaka kifungo cha mwisho, lilikuwa la mama. Alilivaa kwenye misa ya kwanza, akakaa benchi la mbele, jambo ambalo si kawaida yake. Misa nzima nilitazama mgongo wake. Mshono wa katikati ulikuwa umenyooka kutoka shingoni mpaka kiunoni, na mimi ndiye niliyeunyoosha.

Furaha ile ya kutazama mgongo wa mama ndiyo niliyokuja kuipoteza mjini. Nimekaa kuandika jinsi nilivyoipata tena.

Nilishuka Morogoro miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda vya umma vilitafutiwa wenye fedha. Vingine vilifungwa mpaka majani yakaota getini, vingine vikapata mwekezaji. Mitumba ilimwagika sokoni, na mafundi wa barazani wakabaki kupunguza suruali za watu wa Ulaya. Wageni wa Afrika Kusini walikuwa wameshaondoka Mazimbu kurudi kwao, majengo yao yamekuwa ya chuo, na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa amepanga chumba si mbali na huko. Nikakaa kwake. Yeye ndiye aliyesikia kwamba kiwanda fulani cha nguo kimepata mwenye mali mpya na kinatafuta wasichana wanaojua cherehani.

Nilichukuliwa siku ileile. Niliwekwa kwenye laini ya mashati, lakini sikushona shati. Nilishona kola. Mmoja alishona mfuko, mwingine aliunga bega, mwingine mkono, mimi kola. Kipande kilikuja kushoto kwangu kikaondoka kulia kwangu. Shati lenyewe lilikamilika upande wa pili wa ukuta, ambako sisi wa laini hatukuwa na kazi nako.

Mwanzoni nilipenda. Kola ni sehemu ngumu ya shati, maana ncha zake mbili lazima zifanane, na zangu zilifanana. Msimamizi wetu, Mnyamwezi mmoja wa Tabora mwenye sauti kubwa, alipenda kuinua kola yangu juu laini nzima iione.

"Mnaona hii? Ameshona Mluguru. Mtu ambaye kwao hata mbuzi anafungwa kamba asiporomoke!"

Laini ilicheka. Mimi niliinamisha kichwa.

"Mluguru! Hivi ulifikaje huku bondeni na huo mguu mmoja mfupi? Au leo umeazima wa jirani?"

Mimi nikavuta kola nyingine. Kila asubuhi alinitupia neno la namna hiyo, akasimama kidogo kama mtu anayengoja kurudishiwa chenji, kisha akaenda zake. Nilidhani ananidharau. Jirani yangu, dada aliyekuwa akishona mifuko, ambaye ndiye pekee niliyezungumza naye, aliniambia, "Shoga, mjibu basi hata mara moja." Nikamwambia siwezi. Na kweli sikuweza. Nilikuwa mtu wa kufikiria jibu nikishafika nyumbani.

Msimamizi alikuwa na kiti. Nakitaja kwa sababu sisi tulikaa kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, na kiti chake cha mbao chenye mikono kiliwekwa mbele ya laini, juu ya kijukwaa, aweze kutuona wote. Hakuna aliyewahi kukigusa, hata kwa kufuta vumbi.

Kisha wafanyakazi walipunguzwa. Mwenye mali alisema kiwanda kinashindana na nguo za kutoka nje. Waliobaki tuligawana kazi za walioondoka, na idadi ya vipande tuliyotakiwa kumaliza kwa siku ikapanda. Ilipanda tena kabla hatujaizoea. Mapumziko ya chai yakafutwa. Chai ililetwa hapohapo ukanywa mashine ikiwa inakwenda. Sikulalamika. Mtu mpole anapoongezewa mzigo husema ndiyo, na akishasema ndiyo huongezewa mwingine.

Sijui ilianza lini. Najua tu kwamba niliacha kuamka nikiwa mzima. Nililala mapema, nililala vizuri, mama mdogo alisema nakoroma kama mashine ya kusaga, na asubuhi niliamka na uchovu uleule niliolala nao, kana kwamba ulikaa pembeni ya kitanda ukinisubiri. Jumapili niliomba ruhusa ya kutokwenda kanisani ili nilale. Haikusaidia kitu.

Halafu ukaja ubaridi. Siku moja yule jirani yangu wa mifuko alipata habari ya msiba wa kaka yake, akalia palepale benchini. Nilimsikia. Najua nilimsikia, kwa sababu nakumbuka niliwaza kwamba akiendelea kulia mifuko itachelewa na kola zangu zitarundikana. Niliendelea kushona. Aliponitazama sikumwona kama shoga yangu. Nilimwona kama sehemu ya mashine iliyokwama. Mimi, niliyekuwa nikilia hata mbuzi wa jirani akichinjwa.

Baadaye nilikwenda kanisani, Jumapili moja niliyoburuzwa na mama mdogo, na mbele yangu walikaa wanaume waliovaa mashati. Sikusikia mahubiri. Niliona kola. Kola, kola, kola, mpaka madhabahuni. Niliwaza kwamba hata kama nisingezaliwa hizi kola zingekuwepo, zingeshonwa na mtu mwingine yeyote, na hakuna ambaye angejua tofauti. Nilikumbuka mgongo wa mama na lile gauni. Niliukumbuka kama mtu anavyokumbuka kitu cha mtu mwingine.

Jumatatu yake nilishona furushi zima la kola zikiwa zimegeuzwa, ndani nje. Sikugundua. Msimamizi ndiye aliyegundua, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Wewe mtoto," alisema kwa sauti ya chini, "unaumwa?"

"Hapana, bosi."

"Unaumwa. Nenda hospitali. Lakini usikae sana, mwenye mali anasema asiyeweza kazi apishe wanaoitaka."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo. Ningeweza kupoteza kazi, ndiyo. Lakini kilichonitisha ni kwamba sikujali. Kushona ndicho kitu pekee nilichokijua duniani, na moyo wangu ulikuwa hauna habari nacho.

Zahanati walisema ni malaria, wakapima, haikuonekana, wakanipa dawa ya malaria. Nikameza, masikio yakavuma kwa ukali wake, nikabaki vilevile. Hapo mama mdogo akanipeleka hospitali kubwa, na daktari baada ya kunisikiliza akatuonyesha mlango wa mwisho kwenye korido. Mama mdogo aliusoma ule mlango akasimama.

"Hapa ni pa vichaa," alisema.

"Ni pa afya ya akili, mama," alisema muuguzi aliyetoka ndani. "Na wewe unayo akili, sivyo? Basi karibu ndani, pana feni."

Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alituambia tumwite Sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa. Alimwomba mama mdogo asubiri nje. Nikabaki naye, na sikusema kitu. Hakunikimbiza. Alimenya chungwa, akanipa nusu, akaanza kuniuliza mambo madogo madogo ambayo hata mimi niliweza kuyajibu.

"Ukilala unaamka umepumzika?"

"Hapana."

"Wenzako kazini, unawapenda?"

"Zamani."

"Na kazi yenyewe? Unaona unafanya kitu cha maana?"

"Ninashona kola," nilisema.

"Sikukuuliza unashona nini."

Nikaanza kulia, jambo lililonishangaza, maana nilikuwa sijalia kwa muda mrefu. Aliniacha nilie. Kisha akauliza kitu nilichodhani hakihusiani.

"Tuseme leo usiku mmoja wa kwenu anakuja na ndizi mbivu za nyumbani. Utafurahi?"

Nilifikiri. "Nitafurahi."

"Tuseme kiwanda kimefungwa mwezi mzima, uko kwenu. Moyo ukoje?"

"Unapumua."

"Kuna wakati unawaza ni afadhali ufe?"

"Hapana, Sista."

"Ukiwaza hivyo hata mara moja, njoo hapa siku hiyohiyo. Usisubiri kesho. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Alipima damu yangu kwanza, kwa sababu alisema upungufu wa damu nao huchosha, na haifai mtu apewe maneno wakati anahitaji vidonge. Damu ilikuwa nzuri. Ndipo akanieleza, polepole, na nitajaribu kuyaandika kama nilivyoyasikia.

Alisema kuna hali inayompata mtu ambaye kazi imembana kwa muda mrefu bila nafuu. Kwenye vitabu vyao wameipa jina lenye maana ya kuungua mpaka kuzimika. Wanaitambua kwa mambo matatu yanayokuja pamoja. La kwanza ni uchovu ambao usingizi hauuondoi. La pili, moyo unajitenga: kazi inakuwa ya kuchukiza, na watu wa kazini wanageuka vitu. La tatu, mtu anajiona hafai, hata pale anapofanya vizuri.

"Yote matatu ninayo," nilisema.

"Ndiyo. Lakini angalia. Kuna ugonjwa mwingine, sonona, unaofanana na hali hii kama mtu na mdogo wake. Huo unamfuata mtu kila mahali. Hata ndizi za kwao hazimfurahishi. Uchovu wako unakaa kiwandani. Unakusubiri getini. Ndiyo maana nimekuuliza habari za ndizi."

"Kwa hiyo mimi si kichaa?"

"Wewe si kichaa, na wala si mvivu. Wavivu hawafiki hapa. Wanaofika hapa ni wale waliokuwa wanaipenda kazi. Na hii hatuiandiki kama ugonjwa wenyewe, ni hali inayoletwa na kazi. Lakini ukiiacha, inaweza kukufikisha kwenye ugonjwa."

"Dawa yake nini?"

Alivua miwani. "Sina kidonge. Nitakuandikia upumzike, uende kwenu ukalale. Hilo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba lazima kitu kibadilike kulekule kazini. Ukipumzika halafu ukarudi kwenye benchi lilelile na hesabu ileile, utarudi kwangu, na nitakupa chungwa lingine. Kuna mtu yeyote pale unayeweza kumwambia?"

"Hakuna."

"Mtafute," alisema. "Una muda wa kufikiri."

Barua ya Sista nilimwachia mama mdogo aipeleke kiwandani, nikapanda lori la kwenda Matombo, nimekaa juu ya magunia matupu yanayokwenda kuchukua ndizi. Tulipita Mkuyuni siku ya gulio, barabara imejaa mananasi, na niliona nayaona. Hilo tu. Niliyaona rangi yake.

Nyumbani nilimweleza mama maneno ya Sista. Pengine niliyaeleza vibaya, kwa aibu. Nilisema nimechoka, hospitali wamesema nikae ndani nipumzike. Mama alimtazama bibi, bibi akamtazama mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mjomba akakohoa.

"Kukaa ndani," alisema. "Hospitali wenyewe wamesema?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi hata wao wamejua," alisema bibi, akapiga makofi. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Huyu mtoto alichezwa nusu!"

Nieleze hapo. Kwetu msichana anapovunja ungo huwekwa ndani kama mwali. Hafanyi kazi, hapigwi jua, anakula, analala, anafundwa na kungwi, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mimi nilivunja ungo mtihani wa darasa la saba ukiwa umekaribia. Niliingizwa ndani, mwalimu mkuu akaja kulalamika, nikatolewa haraka nikafanye mtihani. Ngoma haikupigwa. Kwa bibi, kila baya lililonipata tangu siku hiyo, kuanzia kutochaguliwa mpaka ukimya wangu, lilitokana na hapo. Sasa hospitali ya serikali ilikuwa imekubaliana naye.

"Bibi, mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi kiwandani."

"Ndiyo maana unachoka. Hukuiva. Ingia ndani."

Nikaingia ndani. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na kusema kweli chumba kilikuwa na giza zuri na kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mama, Mkatoliki wa misa ya kwanza, alisema tu kwamba padri asisikie.

Ilikuwa kosa, na ni kosa lililoniokoa. Ningekaa nyumbani kama mgonjwa, asubuhi ya kwanza ningepewa ndoo, ya pili jembe, na majirani wangeuliza kwa nini binti wa mjini hafanyi kitu. Lakini mwali haguswi. Mwali akishika ufagio bibi anapiga kelele. Kwetu hakuna neno la mtu mzima mwenye afya kupumzika bila kuonekana mvivu, isipokuwa hilo. Niliwekwa kwenye pumziko lenye heshima, na mlango ukalindwa.

Nililala. Nililala kama mtu anayelipiza. Kungwi, shoga yake bibi asiye na meno ya mbele, alikuja kila alasiri kunifunda, akanikuta nimelala, akaanza kunifunda hivyohivyo. Nilipozinduka nilimsikia akisema, "...na mwanamume akirudi amekasirika, unampa maji kwanza, maneno baadaye."

"Na mimi nikirudi nimekasirika?" niliuliza.

"Wewe bubu, umesema?"

"Nauliza tu."

"Haya maswali hatukuwahi kuulizwa," alisema, akacheka mpaka akashika mbavu, akatoka kwenda kumwita bibi aje asikie.

Siku ya kutolewa ilipokaribia, nilimsikia bibi barazani akigombana na kitambaa. Alikuwa amenunua Mkuyuni kitambaa cha kijani chenye maua, akitaka kunishonea blauzi kwa mkono, na macho yake hayakuliona tundu la sindano. Alijichoma. Alitukana. Akajichoma tena. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Kisha nikatoa mkono kwenye upenyo wa mlango.

"Lete hapa, bibi."

"Mwali hafanyi kazi!"

"Hii si kazi. Lete."

Nilikata kwa mkasi wa mama na kushona kwa mkono, pale penye mwanga wa upenyo. Nilishona mgongo, mabega, mikono, shingo. Kola sikuweka, nilikataa kabisa. Nilipounga upande wa pili na nguo ikakaa mikononi mwangu kama mtu mwenye kifua na mgongo, niliigeuza nikautazama mshono. Kitu kilipanda kutoka tumboni. Sikukijua mara moja, kwa kuwa kilikuwa kimeondoka muda mrefu. Ilikuwa furaha. Nilielewa palepale kwamba mikono yangu haikufa. Ilikuwa imechoshwa na kushona kitu kisicho na mwisho.

Bibi alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango. Nikamweleza yote, safari hii vizuri: kola, hesabu inayopanda, yule shoga yangu aliyelia, maneno ya Sista kwamba nitafute mtu wa kumwambia. Ni rahisi kusema ukiwa nyuma ya mlango.

"Mkubwa wenu pale ni nani?"

"Msimamizi. Namwogopa. Kila siku ananitukana mbele ya watu. Anasema kwetu mbuzi wanafungwa kamba."

"Kabila gani huyo?"

"Mnyamwezi."

Bibi akaanza kucheka, akacheka, mama akaja mbio akidhani kuna nyoka.

"Mnyamwezi!" alisema bibi. "Jamani! Mtoto wangu anamwogopa Mnyamwezi! Huyo ni mtani wako! Huyo ni mtumwa wako! Tangu babu zao walipopita hapa na mizigo kichwani tunataniana nao. Unajua tunafanya nini wakija msibani? Tunalala kaburini mpaka watoe kitu! Hakutukani, mjinga wewe. Anakuita. Amekuita miaka yote hiyo na wewe umemnyamazia. Wewe ndiye uliyemtukana."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie hayo maneno ya hospitali. Lakini usimwombe. Mtani haombwi."

Nilitolewa kwa ngoma ndogo, ya ukoo tu, nikiwa nimevaa blauzi yangu ya kijani, nimebebwa mabegani na mjomba ambaye alilalamika njia nzima kwamba mwali ana uzito wa gunia la pilipili manga. Mama alinitazama mgongo. Nilimwona akiutazama.

Jumatatu nilifika kiwandani mapema. Getini miguu ilisita, kama Sista alivyosema, uchovu ulikuwa palepale unasubiri. Nikaupita. Nikaingia ndani, nikalipita benchi langu, nikapanda kijukwaa, nikakaa kwenye kiti cha msimamizi.

Wenzangu waliingia mmoja mmoja, wakasimama. Yule shoga yangu wa mifuko alishika mdomo.

"Shuka, wewe! Unataka kufukuzwa?"

Sikushuka. Nikashika mikono ya kiti. Msimamizi akaingia na daftari lake kwapani, akaniona, akasimama.

"Nini hii?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nalo tangu Matombo, nimelikariri juu ya lori.

"Mnyamwezi," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "umechelewa. Mzigo wa nani ulikuwa unabeba njiani?"

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile.

"Ehe!" alipiga kelele. "Ehee! Amesema! Mluguru amesema! Miaka yote nilidhani nimepewa mtani bubu!"

"Shikamoo kwanza, maana umri ni umri," nilisema. Watu wakaanza kucheka.

"Marahaba, mtumwa wangu. Sasa toka kwenye kiti."

"Sitoki. Mtumwa ni wewe. Nenda kaniletee chai, na nitainywa nikiwa nimekaa, mashine imezimwa, kama watu."

"Unadai nini, Mluguru wa mguu mfupi?"

"Nadai kwa niaba ya wafiwa wangu, kama mtani anavyodai msibani. Hawa wote unaowaona ni wafiwa. Wanaamka wamechoka kama walivyolala. Yule wa mabega analia chooni. Mimi nimeshona kola mpaka nikimwona padri naona kola. Hospitali wamenipa jina lake: ni kazi inayomuunguza mtu mpaka anazimika, si uvivu, na haiponi kwa kulala tu. Umetubebesha kama babu zako walivyobebeshwa, na wao angalau walikuwa wakifika Bagamoyo wanatua!"

Hapo hakucheka. Utani una sheria: mtani hakasiriki, na hawezi kusema hakusikia. Alizunguka kijukwaa, akajikuna kichwa.

Mlango wa ofisi ukafunguka, mwenye mali akatoka kuona kwa nini mashine hazilii. Alimkuta mfanyakazi wake amekalia kiti cha msimamizi.

"Huyu nani?"

"Mtani wangu, mzee," alisema msimamizi. "Siwezi kumtoa. Mila hairuhusu. Tukimtoa kwa nguvu, naharibikiwa mimi."

"Anataka nini?"

"Anataka," alisema msimamizi, akanitazama, "tuwe tunabadilishana mashine kila wiki, mtu asioze kwenye kipande kimoja. Na chai wanywe wamekaa. Na mimi nakubaliana naye, mzee, kwa sababu mashati yanayorudishwa kwa kuharibika yamekuwa mengi na nimechoka kuyaeleza."

Sikuwa nimesema habari ya kubadilishana mashine. Hiyo alikuwa nayo yeye mwenyewe, sijui tangu lini, na alikosa mahali pa kuisemea. Mwenye mali alitutazama sote, akasema tujaribu mpaka mwisho wa mwezi, na mashine ziwashwe sasa hivi.

Tulijaribu. Mashati yaliyoharibika yalipungua, na mwezi ulipokwisha hakuna aliyesema turudi nyuma. Hesabu ya siku nayo ilishushwa kidogo, si kwa huruma, bali kwa sababu mwenye mali aliona shati zima moja ni bora kuliko mawili mabovu. Nilishona mifuko, nikashona mabega, nikavuka ukuta nikashona vifungo, na huko nikaliona shati limekamilika, limekunjwa, lina pini. Nilimwomba shoga yangu anieleze habari za kaka yake. Alinieleza tukiwa tumekaa, chai mkononi.

Uchovu haukuondoka siku moja. Sista, nilipomrudia, alisema ndivyo ulivyo, huondoka kama ulivyokuja, kwa kujificha. Aliniuliza nilimwambia nani. Nilipomsimulia habari za kiti alicheka mpaka miwani ikaanguka, na yeye, alisema, ni Msukuma, mtani wangu vilevile, kwa hiyo nijihadhari.

Mwisho wa mwaka ule tuliruhusiwa, kila mmoja, kushona nguo moja nzima kwa vitambaa vilivyobaki. Nilimshonea msimamizi shati. Kola na yote. Alilivaa Jumamosi, akapita mbele ya laini akijigeuza ili wote waone, na nilipomtazama mgongo wakati anakwenda, mshono ulikuwa umenyooka.

"Mluguru!" alipaza sauti bila kugeuka. "Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine! Umepima kwa miguu yako?"

"Nimepima wa kubebea mizigo," nilimjibu, "huo ndio mrefu."

Alipomaliza kuzunguka laini na kurudi kwenye kijukwaa, alinikuta nimeshakaa kwenye kiti chake. Tangu Jumatatu iliyofuata, kila jioni alikigeuza kile kiti miguu juu, akakifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye mguu wa meza, nisikikalie. Yeye mwenyewe alikuwa akipoteza ufunguo mara kwa mara, na asubuhi hizo alisimama.